Geti la Kengele ya Pili

Wanafunzi walimwita Bibi Komeo, na jina hilo hakulichukia hata siku moja. Tuseme kweli tu, lilimpendeza. Mwanamke aliyefagia ofisi za watu ujana wake wote, akiitwa "wewe" na "hebu njoo", akipata jina uzeeni, hata kama ni la chuma cha mlangoni, atalikataaje? Akipita mtaani watoto walinong'onezana, "Bibi Komeo huyo!" na migongo yote ikanyooka. Yeye alipita shingo ngumu kama hakusikia kitu. Akifika jikoni kwake ndipo alipotabasamu.

Kazi yake ilikuwa geti la shule. Lilikuwa geti la bati la bluu, limebonyea chini pale mipira inapogonga, na kwa ndani lilikuwa na komeo refu la chuma ambalo alilipaka grisi mwenyewe ili lisilalamike. Pembeni palikuwa na kibanda cha mbao kinachotosha stuli na chupa ya chai. Ukitaka kugeuka, unatoka kwanza nje. Nje ya kibanda kulining'inia kipande cha reli, na hicho ndicho kilichokuwa kengele. Asubuhi alikigonga kwa awamu mbili. Kengele ya kwanza iliwaambia walio njiani wakaze mwendo. Ya pili iliwaambia walio nje kwamba wamechelewa, na hapo komeo lilisukumwa.

Zamani kengele hiyo ya pili ilikuwa na huruma. Aliigonga huku jicho moja liko barabarani, na akiona kitoto kinakuja mbio, begi likikipiga mgongoni, mkono wake ulizembea, mlio ukavutwavutwa mpaka kile cha mwisho kipenye. Hakuna aliyemwagiza wala aliyemkataza. Kisha akaja Mwalimu Mkuu mpya.

Tusimwonee mtu huyo. Aliikuta shule imeoza. Siku za soko madarasa yalibaki na madawati na nzi. Watoto waliingia wanapojisikia, wakatoka wanapochoka, na ukimuuliza mzazi anakwambia, "Kwani hayuko shule?" Basi aliita mkutano wa wazazi, akasimama mbele yao na kile kijiti cha kuonyeshea ubaoni, akazitaja sheria moja baada ya nyingine. Geti litafungwa kengele ya pili ikilia. Atakayebaki nje ni mtoro wa siku hiyo, hata kama amechelewa kwa urefu wa pua. Utoro ukizidi, jina la mtoto litafutwa, na mzazi wake atafikishwa mahakamani akajieleze. Mwisho akaongeza sheria ambayo wazazi waliipigia makofi kuliko zote: mtu mzima yeyote akimwona mtoto mwenye sare anazurura saa za masomo, amkamate amlete ofisini. Adhabu ataikuta huko.

"Mtaa mzima uwe macho!" alisema Mwalimu Mkuu. "Na askari wangu wa kwanza ni huyu mama hapa."

Akamnyooshea Bibi Komeo kile kijiti. Askari! Bibi wa watu alipiga makofi mpaka viganja vikamuwasha, akarudi nyumbani anatembea kama aliyepandishwa cheo.

Laiti angejua alikuwa anapigia makofi nini.

Nyumbani alikuwa akiishi na mjukuu wake wa kike. Chumba kimoja, kibaraza cha kupikia, na ua wanaochangia na fundi cherehani wa jirani, mwanamke mwenye macho makali na mdomo usiojua likizo. Mama wa mtoto, binti yake Bibi, alikuwa mbali kikazi, na sauti yake ilifika kwa simu tu. Mtoto mwenyewe waliomjua walimwita Chiriku, maana hakunyamaza. Aliongea akiamka, akaongea akila, akaongea na sufuria akiosha. Ukimtuma chumvi atakuletea chumvi na habari za mtaa mzima. "Wewe mtoto, mdomo wako haukauki?" Bibi alikuwa akimuuliza. Naye anajibu, "Ukikauka nitakunywa maji, Bibi," na kicheko juu. Bibi alimpenda yule mtoto kuliko pumzi yake, na hilo liwekwe wazi mapema, kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya mtu afikirie vingine.

Tatizo lilikuwa pipa. Bomba la mtaa lilitoa maji alfajiri tu, na yakikatika ndiyo imetoka mpaka kesho yake. Bibi ilimbidi atoke kiza kingali kipo, afagie mbele ya geti na awe kwenye stuli kabla ya mwalimu wa zamu. Kwa hiyo pipa likawa la Chiriku. "Usithubutu kuondoka halijajaa," Bibi alimwambia, akafunga mlango nyuma yake. Sasa foleni ya bomba unaijua mwenyewe. Wakubwa wanamsukuma mtoto, mwenye ndoo kubwa anapita mbele, mwingine anadai alishaweka jiwe lake pale tangu jana. Siku nyingine Chiriku alimaliza mapema akaingia na wa kwanza. Siku nyingine pipa lilipojaa kengele ya kwanza ilikuwa imeshalia kitambo.

Mara ya kwanza kuchelewa chini ya sheria mpya, Bibi alifanya alichozoea. Mkono ulizembea kwenye ile reli, Chiriku akapenya, komeo likaja baada yake. Nyuma yake alikuwa anakuja mtoto wa muuza mkaa, naye akakuta bati. Asubuhi iliyofuata muuza mkaa mwenyewe alikuja, kanga kiunoni, masizi mikononi, akasimama katikati ya njia.

"Wa kwako anaingia, wetu wanafungiwa! Shule hii ya mama yako?"

Watu walijaa. Bibi akababaika, akasema hili na lile, na Mwalimu Mkuu akatokea. Hakufoka. Alingoja muuza mkaa aondoke, kisha akasema kwa sauti ya chini iliyomtia Bibi baridi, "Mama, ukimfungulia mmoja inabidi uwafungulie wote. Na ukiwafungulia wote, mimi sina haja na mtu getini."

Alichokisikia Bibi pale ni kodi ya chumba, sare ya Chiriku, sabuni na mkate wa chai. Akasema, "Haitatokea tena, Mwalimu."

Haikutokea tena. Ndiyo ubaya wenyewe.

Siku Chiriku alipochelewa tena, alifika geti likiwa limebakiza upenyo wa mkono. Alikuwa anahema, mikono bado ina maji ya ndoo. Nyuma yake kulikuwa na watoto wengine, na mmoja wao alikuwa yule wa muuza mkaa, ametoa macho, anangoja kuona.

"Bibi, nifungulie. Foleni ilikuwa ndefu, Bibi, haki ya Mungu, yule mama mwenye ndoo ya njano kaniruka..."

"Rudi nyumbani."

"Bibi, ni mimi!"

"Hapa mimi si bibi yako," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote, mpaka dirisha la ofisini. "Hapa mimi ni geti."

Akasukuma komeo. Kwa sababu ya grisi halikutoa hata mlio. Watoto waliokwisha kuingia walicheka, mwalimu wa zamu akatikisa kichwa kwa kuridhika, na kwa siku nzima watu walirudia yale maneno. "Mimi ni geti! Huyo bibi ni kiboko." Bibi alitabasamu nao. Moyoni palikuwa na kitu kimekwama kama mwiba wa samaki, lakini chai ilikuwepo, akakisukuma chini.

Mwalimu wa darasa alimfuata saa ya mapumziko. "Bibi, Chiriku hayupo leo."

"Najua, nimemfungia mwenyewe. Yuko nyumbani."

"Ah, basi sawa." Akaandika hayupo, akaenda zake.

Ikawa hivyo kila ilipotokea. Mwalimu alijua mtoto yuko nyumbani kwa sababu Bibi kasema. Bibi alijua yuko nyumbani kwa sababu alimwambia rudi nyumbani. Na fundi cherehani wa uani, ambaye macho yake yalikuwa mlangoni kwao kutwa nzima, alijua mtoto yuko shule kwa sababu hakumwona. Kama hao watatu wangekaa kunywa chai pamoja siku moja tu, wangegundua kwamba mtoto hayuko popote.

Maana Chiriku angerudije nyumbani? Fundi cherehani alikuwa wa kwanza kupiga makofi siku ile ya mkutano. Alishawahi kumkokota mtoto wa watu kwa sikio mpaka ofisini, na alirudi akijisifu. Njia nzima ilikuwa na macho: kinyozi, muuza mboga, vijana wa pikipiki. Sare ya shule saa za masomo ilikuwa sawa na kuvaa kengele shingoni. Waliofungiwa nje walitaka kitu kimoja tu, mahali pasipo na mtu mzima, wajifiche mpaka kengele ya kutoka ilie. Hapo wangechanganyika na wenzao na kwenda nyumbani kama wanafunzi wema.

Mahali hapo palikuwepo. Ukitoka getini, kushoto ni mtaani, kulia ni barabara ya vumbi inayokwenda kwenye machimbo ya mchanga. Upande mmoja wa machimbo malori yalipakia kila siku. Upande wa pili ulikuwa wa zamani, umeshaachwa. Wachimbaji waliula kwa chini mpaka ukuta wa mchanga ukabaki umeinama juu ya shimo, na chini yake pakawa na uvungu mpana, wenye kivuli na ubaridi mzuri. Hakuna mtu mzima aliyekwenda kule. Wakubwa walijua kwa nini, lakini watoto hakuna aliyewaambia.

Bibi alianza kuona mambo. Kwanza mchanga. Ulikuwa kwenye pindo la sketi, kwenye nywele, siku moja ndani ya sikio.

"Umetoka wapi na mchanga huu?"

"Nilikuwa nasugua sufuria uani."

Sufuria kweli zilikuwa zinang'aa. Bibi akaachana nalo.

Halafu kuna asubuhi, baada ya kusukuma komeo, alichungulia kwenye tundu la bati. Siku hizi Chiriku alikuwa habishani tena. Alikuwa akifika, akitazama bati, akigeuka. Bibi alimwona anageuka na wenzake, na wote wakaenda kulia. Alisimama na jicho tunduni muda mrefu. Nyumbani ni kushoto, hata mgeni angejua. Akajiambia labda wanakwepa matope, ingawa mvua zilikuwa hazijaanza. Kisha mwalimu wa zamu akamwita, akaenda.

Na binti yake alipiga simu Jumapili ile.

"Mama, mtoto anasoma vizuri?"

"Anasoma."

"Mbona simsikii akiropoka nyuma? Kalala?"

Bibi aligeuka. Chiriku alikuwa ameketi kizingitini, kidevu juu ya magoti, anachora na kidole vumbini. Ni kweli, hakuwa ameongea tangu asubuhi. "Kachoka tu," Bibi alisema. "Masomo yamekuwa mazito."

Mvua za kwanza zilipoanza alikuja mtu getini. Alikuwa mpakiaji wa mchanga, jitu la miraba minne, ambaye alipenda kupita kuomba moto wa sigara ingawa alijua Bibi havuti. Siku hiyo hakuomba moto, wala hakutania.

"Bibi, kule machimboni upande wa zamani nimeona watoto wa sare yako."

"Wangu wako ndani."

"Nakwambia nimewaona kwa macho yangu. Nikiwaita wanakimbilia chini zaidi, wanadhani nawakamata. Na ule ukuta hauna miguu, Bibi. Ukilowa vizuri mara mbili tatu, unashuka."

Sasa hapa angesema nini mtu? Angesema asante. Angefunga kibanda akaenda kuangalia. Lakini Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama barazani anatazama, na Bibi alikuwa na jina la kulinda. Akakunja uso.

"Walio ndani ya geti ndio wangu. Wa nje kawaulize mama zao."

Mpakiaji alimtazama kidogo. "Haya, Bibi," alisema, akaondoka.

Maneno yale hayakumwacha. Jioni, wakimenya viazi, alimuuliza mtoto, bila kumtazama usoni, "Wewe nikikufungia, unakwenda wapi?"

Kisu cha Chiriku kilisimama. Mtoto alimtazama bibi yake muda mrefu, kama anayepima kitu. Nani alikuwa anauliza? Angekuwa bibi yake, angemwambia yote, pamoja na uvungu, na mpakiaji, na jinsi mtoto wa muuza mkaa anavyowagawia mkate. Lakini akiwa geti? Geti lingempeleka ofisini.

"Narudi nyumbani, Bibi."

"Kweli?"

"Kweli."

Bibi alishusha pumzi. Alitaka kuamini, akaamini. Na tena akasema, Mungu amsamehe, "Kesho amka mapema. Pipa limefika nusu."

Mvua ilinyesha usiku kucha na alfajiri ikakatika. Asubuhi hewa ilikuwa nzito, mawingu yameshuka mpaka kwenye mabati, na njia imejaa madimbwi. Bomba la mtaa lilitoa matope kwanza. Waliokuwa foleni walingoja lisafike. Bibi alilijua hilo. Alikuwa amepita pale akaona ndoo zimejipanga, akawaza kwamba leo mtoto atachelewa. Aliwaza hivyo kwa maneno hayohayo, na akaendelea kutembea.

Kengele ya kwanza ililia. Watoto wakaja makundi kwa makundi, viatu mkononi. Mwalimu Mkuu alisimama pembeni ya kibanda na mwavuli, anawahimiza. Bibi alishika nyundo yake. Barabara ikabaki tupu, kisha kwenye kona wakatokea watoto, wanakimbia wakiruka madimbwi, na kati yao alimjua mmoja hata kabla ya kuona uso, kwa namna anavyoshika begi kifuani lisirushiwe matope. Begi lile alilishona mwenyewe kutoka kwenye koti lake la zamani la kazini.

Mkono ulimzembea. Ulizembea, jamani, si kwamba haukuzembea. Alihesabu kichwani hatua zao na akajua wangepenya.

"Mama," alisema Mwalimu Mkuu kwa upole, "kengele."

Akagonga. Akasukuma komeo. Kupitia bati alisikia nyayo zikifika, watoto wakihema. Hakuna aliyebisha. Alipoweka jicho tunduni waliobaki walikuwa watano, na walikuwa wamekwisha kugeuka kulia. Chiriku alikuwa wa mwisho. Kabla ya kona aligeuka akatazama geti, si kwa hasira wala kwa kuomba, akaendelea.

"Rudi nyumbani," Bibi aliliambia bati, kwa sauti ndogo ambayo hakuna ambaye angeisikia.

Asubuhi ile chai haikupita kooni. Alikaa, akasimama, akalipaka komeo grisi ambayo halikuihitaji. Mwalimu wa darasa alipokuja kusema Chiriku hayupo, safari hii Bibi hakusema yuko nyumbani. Alitaka kuomba ruhusa. Mara mbili alifika mlango wa ofisi, na mara mbili akajiona vile atakavyoonekana: askari wa kwanza anayeomba kwenda kutafuta mtoro, na mtoro mwenyewe wa kwake. Akarudi kwenye stuli. Watoto walikuwa wanaimba majedwali ya kuzidisha, na mvua ikaanza upya, ndogondogo.

Kishindo hakikuwa kikubwa. Wengi darasani hawakukisikia. Yeye alikisikia kwa miguu, ardhi ikitikisika chini ya stuli, chai ikicheza kwenye kikombe. Kisha kimya. Kisha lori likaanza kupiga honi bila kuacha, kule upande wa kulia.

Sheria ilisema geti lisiachwe. Bibi Komeo alilivuta lile komeo, bati likafunguka wazi pande zote mbili, na mwanamke mwenye magoti mabovu akakimbia kwenye matope bila viatu. Nyuma yake Mwalimu Mkuu alikuwa anapaza sauti, "Mama! Geti! Geti!"

Ukuta ulikuwa umeshuka. Pale palipokuwa na uvungu palikuwa na mlima wa mchanga mbichi, na wapakiaji walikuwa juu yake na mabeleshi, wengine wanachimba kwa mikono ili wasije wakamkata mtu. Kwenye mizizi ya mti ukingoni yalining'inia mabegi, yamepangwa vizuri yasipate mchanga. Watoto walitolewa mmoja mmoja, kijivu mwili mzima, wakikohoa, wakilia bila sauti. Mtoto wa muuza mkaa alitolewa mkono umevunjika. Kila aliyetoka Bibi alimfuta uso kwa kanga yake ili aone ni nani, na kila mara hakuwa yeye. Waliwabeba mbiombio, wakawapakia kwenye lori kuwapeleka hospitali.

Msimamizi wa machimbo alihesabu mabegi. Manne. Watoto wanne. Juu yao ngema, ukuta wa mchanga uliobaki, ilikuwa imeanza kupasuka, ufa mweusi unatembea taratibu kwenye majani.

"Tokeni!" alipaza sauti. "Wametoka wote! Tokeni kabla haijashuka tena!"

Mwalimu Mkuu alikuwa amefika, anahema, mwavuli umegeuka. "Shuleni nimehakikisha," alisema, na kwa kweli sauti yake ilikuwa na shukrani. "Wetu wote wako ndani."

Watu wakaanza kushuka, mabeleshi begani. Bibi alisikia yale maneno na akayajua. Yalikuwa yake.

"Bado mmoja," alisema.

"Mabegi ni manne, mama, na wanne wametoka."

"Wa kwangu halitundiki begi. Analikumbatia." Sasa alikuwa anapiga kelele, na muuza mkaa alikuwepo, na fundi cherehani alikuwepo, na mtaa mzima uliokuwa macho ulikuwepo. "Watano! Asubuhi hii nimefungia nje watano! Niliwaona kwenye kona, wangewahi, na nikawafungia kwa mkono huu. Wa tano ni mjukuu wangu. Chimbeni!"

Hakuna aliyesogea, maana ufa ulikuwa unapanuka. Bibi akapanda mwenyewe, akapiga magoti, akaanza kufukua kwa mikono. Ndipo yule mpakiaji, jitu lile, alitema mate pembeni, akachukua beleshi lake, akarudi juu.

"Wapi, Bibi?"

"Ndani kabisa. Anaamka alfajiri kwa ajili ya maji, atakuwa amelala."

Walikuta kwanza begi la koti, na vidole juu yake vimekaza. Lilikuwa usoni pake, limezuia mchanga, na chini yake kulikuwa na nafasi ya pumzi chache. Mguu mmoja ulikuwa umebanwa vibaya. Walipomvuta alitoa ukelele mmoja, na hapo hapo ngema ikashuka nyuma yao, ikafunika shimo walilotoka. Mpakiaji alimbeba mpaka barabarani. Bibi alikuwa pembeni anamfuta macho, mdomo, pua, anasema mama yangu, mama yangu, nisamehe.

Chiriku alifungua macho. Alimwona bibi yake, na nyuma yake akamwona Mwalimu Mkuu, fundi cherehani, na wakubwa wote wakimtazama na sare yake. Akajaribu kujivuta nyuma.

"Kengele ya kutoka imelia?" aliuliza.

Mguu haukupona vizuri. Anatembea na gongo. Jina lake lilikuwa limeshafutwa kwa utoro, na Bibi aliitwa mahakamani kama mzazi mzembe, akaenda, akajibu kila swali kwa neno "ndiyo". Getini wameweka mwanamume mwenye filimbi shingoni. Wanasema machimboni wamezungushia kamba upande ule. Kamba tu. Na kengele ya pili bado inalia kila asubuhi, na bado kuna wanaobaki nje, na hakuna anayeuliza wanageukia wapi.

Mdomo wa Chiriku umekauka. Anajibu akiulizwa, basi. Lakini si hilo linalomnyima Bibi usingizi. Tangu alipotoka hospitali mtoto haingii mlango wowote mpaka aambiwe. Bibi alimwita seremala ang'oe kitasa na komeo la chumba chao, mlango ukabaki kibao tu kinachopigwa na upepo. Haikusaidia.

Asubuhi moja Bibi ndiye aliyekwenda bombani, maana sasa pipa ni lake. Aliporudi, ndoo kichwani, kule shuleni reli ilikuwa inagongwa kwa mara ya pili. Chiriku alikuwa anatoka chooni, amefika mbele ya chumba. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Alisimama hapo, mabega yamekunjwa, gongo limekita vumbini, anatazama ndani ya nyumba yao wenyewe.

Bibi alishusha ndoo. "Ingia, mama."

Mtoto hakusogea.

"Ingia, Chiriku. Ni mimi."

"Wewe nani?" Chiriku aliuliza, bila kugeuka.

Bibi alimfikia, akamshika mkono. Ulikuwa baridi. "Ni bibi yako," alisema. "Hapa mimi ni bibi yako."

Chiriku alitazama mlango kidogo zaidi, kisha akatanguliza gongo, akangoja, kama kuna kitu kingekuja kulizuia.